Mafunzo ya "kuzijua tamaduni" kwa maafisa ustawi: kwa nini walimu wetu wa kwanza wasiwe Wapemba waliokimbilia Shimoni, Kenya?

Bint Mkoani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi. Uzi huu mrefu, asiye na wasaa aweke alama arudi baada ya isha.

Mie ni afisa ustawi wa jamii, kazi yangu Unguja, kwetu Pemba. Juzi tumeletewa rasimu ya mafunzo kwa sisi tunaowapokea waomba hifadhi, yaani watu walioingia nchini wakisema kwao hapakaliki. Hapa visiwani si wengi. Wakimbizi walio wengi wako makambini Kigoma, maana sera ya nchi inataka mkimbizi akae kambini. Lakini mmoja mmoja hufika. Anatelemka bandarini na begi lake, anapanga chumba Ng'ambo, mtoto anaugua, jirani anauliza, sheha, yaani mkuu wa mtaa, anapigiwa simu, na sheha anatupigia sie.

Rasimu yenyewe ina sura kwa kila taifa. Wasomali: ukoo kwanza, usimpe mkono mwanamke. Wakongo: wachangamfu, wapenda muziki na mavazi. Waethiopia: watu wa haya, wapenda kahawa. Mwisho wa kila sura maswali ya kuchagua jibu. Nimeisoma yote, kisha nikajiuliza, na sura ya Wazanzibari ingeandikwaje? Urojo, kanzu, taarabu, na "watu wa pole pole". Mvuvi wa Kojani na mtoto wa Shangani kapu moja! Nani kati yenu angependa ahudumiwe na mtu aliyesoma slaidi hiyo akapasi mtihani?

Kwa maoni yangu rasimu imelenga pasipo. Utamaduni wa kuchunguzwa mwanzo ni wangu mie niliyekaa na kalamu na fomu. Na hili silitoi kichwani. Ufaransa kulikuwa na mwanasaikolojia, Margalit Cohen-Emerique, aliyewafundisha wafanyakazi wa ustawi wanaohudumia wahamiaji kwa miaka mingi. Yeye haanzi na "watu fulani wako hivi". Anamwambia mfanyakazi: nipe tukio moja la kazini lililokuudhi, likakushtua au likakutia haya. Kisha wanalifungua pamoja. Kwanza, wewe kilichokugusa ni nini khasa, ulilelewa vipi mpaka hilo likakuuma? Pili, mwenzio alikuwa anatazama kutoka wapi? Tatu, mtakutania wapi, maana hakuna anayetakiwa kuhama kwake moja kwa moja. Marekani nako, mwaka 1998, madaktari wawili, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliandika kwamba tuache kufikiri mtu anahitimu "ujuzi wa tamaduni" akapewa cheti. Walichopendekeza ni unyenyekevu, kujikagua siku zote, na kukumbuka kwamba mwenye fomu ana nguvu kuliko anayejaziwa.

Sasa nitoe mfano wa kwetu. Nimebadilisha mambo mtu asitambulike. Mama mmoja wa Kongo ya mashariki, Kiswahili anacho. Mwenzangu alikwenda kumtembelea. Hodi, karibu, akakaa mkekani. Mama akamtuma mtoto dukani, ikaja soda moja na biskuti. Mwenzangu akanywa, maana kukataa ni kumvunjia mtu heshima. Akafungua fomu. Chakula kipo? Kipo. Mnalala salama? Salama. Kuna anayekusumbueni? Hakuna. Akaandika "hali ya kaya ni nzuri", akaaga. Ile soda ilikuwa hela ya mchele wa siku ile. Na ukumbini, mlango wazi, alikuwa kakaa mwenye nyumba anachambua mchicha, na huyo ndiye msumbufu mwenyewe.

Slaidi gani ya Wakongo ingemsaidia mwenzangu? Yaliyomponza ni yetu. Kwetu mlango wazi ndio adabu. Kwetu mtu akiulizwa hali husema Alhamdulillah hata kama tumbo linaungurumia jana, na anayeuliza harudii, maana kurudia ni kuchimba ya watu. Tunaishi kwa muhali, yaani kuoneana haya, na stara, mambo mazuri kabisa ya barzani, lakini ukiyabeba yote ukaingia nayo kwenye mahojiano ya ustawi utatoka na karatasi safi isiyo na ukweli.

La pili, tunawacheka. Mkongo akisema "batoto banalala" ofisi nzima inaangua kicheko. Hatuna nia mbaya, ndivyo tulivyo, mtu wa Makunduchi tunamcheka vilevile. Ila huyu kafika na roho mkononi, akishachekwa mara mbili atajibu ndiyo na hapana tu mpaka faili lifungwe.

Na sasa ndipo ninapopataka. Sie tunao watu waliokaa upande wa pili wa meza ile. Baada ya mauaji ya Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, Wapemba zaidi ya 2,000 walivuka kwenda Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, wakaomba hifadhi. Wapo Micheweni, Wete, Mkoani, wanavua na kulima karafuu. Kuna anayejua wale watu walihojiwa vipi, kipi walikificha na kwa nini? Mwezeshaji wa kuletwa kwa ndege wa nini? Nasubiri mawazo, na wanaopinga karibuni.

Kaskazi Mkavu

Posho ngapi kwa siku? Nikijibiwa hilo ndo namalizia kusoma.

Bint Mkoani

Maji na andazi. Soma.

Nahodha Huru

Kwa heshima dada, mie napinga. Mgeni ndiye anayejifunza desturi za mwenyeji. Nikienda kwao nitafuata yao. Na uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, faili linakwenda Wizara ya Mambo ya Ndani, Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Sasa afisa ustawi wa Unguja afundishwe ili iweje? Tuna wazee wetu kwenye makaazi ya Sebleni na watoto wetu kwenye nyumba ya Mazizini, hawajatosha?

Bint Mkoani

Uamuzi si wetu, kweli. Lakini mtu hali uamuzi, anakula na kuumwa huku anausubiri. Na kabla ya faili kufika wizarani, wa kwanza kukutana naye ni sheha, halafu daktari, halafu mie. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka aliyeingia ajitokeze kwa wenye mamlaka ndani ya siku saba. Mgeni hajui hilo. Akikuta uso mkunjufu siku ya pili, atajitokeza. Akichekwa, atajificha, na akishajificha anageuka mhalifu kwenye karatasi ingawa hakuiba hata ndizi.

Kuhusu wazee na watoto wetu, mtoto wa mwomba hifadhi akiwa Zanzibar analindwa na Sheria ya Mtoto ya 2011 ile ile. Haiulizi kaja na boti gani.

Mzee wa Tumbe

Waalaykum salaam mwanangu. Umeitaja Shimoni nami nimeona niandike, ingawa simu hii inanitesa macho.

Tulivuka usiku kwa mashua, mie, mke wangu na watoto. Watu wa Shimoni walitupokea kama ndugu, na wengine ni ndugu kweli, tumeoana tangu mababu. Siku ile ukimbizi sikuuhisi. Ukimbizi niliuhisi mezani.

Aliyenihoji alikuwa kijana mpole, simlaumu. Akasema, nieleze yaliyotokea. Nikaanza tunavyoanza sisi: uchaguzi wa Oktoba ulivyokwenda, nani kakamatwa, wazee walisema nini, Ijumaa msikitini palikuwaje. Akanikata. "Mzee, wewe binafsi ulifanywa nini?" Nikajibu, sisi tulifanywa hivi na hivi. Akanikata tena, "Si nyie. Wewe." Mwanangu, mie nimelelewa kwamba mtu hasimami mbele za watu akajisema mwenyewe. Jirani yangu kauliwa, nami niseme la goti langu? Nikanyamaza. Naye akaandika, na mpaka leo natamani kuiona ile karatasi.

Halafu akataka tarehe tuliyovuka. Nikamwambia, Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, siku ya sita au ya saba ya mwezi mwandamo, maji mafu. Kwa mvuvi hiyo ni tarehe kamili, huwezi kukosea, maana bamvua, maji makubwa, ilikuwa imeshakatika na ndiyo sababu tulisubiri. Akaniambia nikumbuke vizuri. Nilikuwa nakumbuka vizuri kuliko yeye na kalenda yake ya ukutani! Angekuwa na kalenda ya mwezi angeipata siku ile ile.

Mke wangu walimhoji nami nimekaa pembeni yake. Wakaona wametutendea wema kutotutenganisha. Kuna jambo hakulisema siku ile kwa sababu yangu, wala mimi sikulijua mpaka tumerudi Pemba. Nakomea hapo.

Baadhi yetu tulipelekwa Dadaab. Mvuvi unampeleka kwenye mchanga usio na bahari. Chakula tulipewa, Allah awalipe, ila kijana unayezoea kwenda pwani kila alfajiri ukiamka huna pa kwenda unaanza kugombana na mkeo. Wapo waliovuka mpaka hadi Mogadishu, wakakaa huko miaka. Wengi wetu tulirudi baada ya mambo kutulia, na ule Muafaka wa CCM na CUF wa Oktoba mwaka ule ule ulitupa moyo.

Mkiniita nitakuja. Projekta siihitaji.

Bint Mkoani

Maalim, shikamoo. Sina la kuongeza kwenye maneno yako, ila hilo la "wewe, si nyie" nalipeleka kama lilivyo. Nimesoma miongozo ya mahojiano na yote inamtaka mtu aseme habari yake mwenyewe, kwa sababu sheria ya hifadhi inamtazama mtu mmoja ana hofu gani. Sharti hilo halikwepeki. Lakini anayehoji anaweza kumwacha mtu apitie kwenye "sisi" kwanza, amalize, halafu amwambie kwa utaratibu, "Nimekusikia ya mji mzima. Sasa nisaidie, wakati hayo yanatokea wewe ulikuwa umesimama wapi?" Dakika kumi zaidi. Hazijamuua mtu.

Tarjumani

Nafanya ukalimani, Kiamhari na Kiswahili. Naongeza matatu manne.

Kalenda, kama alivyosema mzee. Ethiopia wana miezi 13, mwaka wao mpya ni Septemba, na mwaka wao uko nyuma ya huu wa ofisini kwa miaka saba au minane. Kijana akikwambia mwaka wake wa kuzaliwa ukauandika kama ulivyo, mtoto wa miaka 17 umemfanya mtu mzima wa 25. Umemnyima skuli, umemnyima ulinzi wa mtoto, na siku akieleza sawasawa mahali pengine ataambiwa kadanganya. Saa zao lakini ni kama zetu, asubuhi saa moja ni saa moja. Nimewaona wakifurahi sana wakigundua hilo. Wanatoka kwa watu wanaohesabu kuanzia usiku wa manane, wanakuta Waswahili nao wanahesabu na jua.

Mtoto asitumiwe kutafsiri. Anajua lugha kwa kuwa anasoma, basi mama anaambiwa aseme ya hospitali kupitia mwanawe wa miaka kumi. Mama atasema "kichwa kinauma". Jamaa wa ukoo vilevile si wa kumtumia, na mtu wa taifa lake uliyemwokota mtaani huyo ndo kabisa. Huwezi kujua ni wa upande gani wa vita.

Maafisa wengi wananitazama mimi. "Muulize kama amekula." Muulize wewe! Mtazame yeye, sema naye, mie nitasikika tu. Na kabla hatujaanza nipe dakika tano unieleze shauri linahusu nini, nisishtukizwe na habari ya maiti katikati ya sentensi nikasita, mwenyewe akaona nimesita naye akafunga.

Na posho ya mkalimani mtie kwenye bajeti, si "tutakutafutia chochote".

Kaskazi Mkavu

Naona posho imerudi. Nimesoma yote dada, naunga mkono.

Kisiwani Mpaka Leeds

Salaam kutoka ughaibuni, Uingereza. Huku nimeshawasindikiza Wabajuni kwenye mashauri yao ya hifadhi. Mtu wa visiwa vya kusini mwa Somalia, Koyama au Chula, lugha ya mamake ni Kibajuni, Kisomali chake cha kuombea maji. Anaulizwa, Msomali gani usiyejua Kisomali? Basi sauti yake inarekodiwa, wachambuzi wanaisikiliza waseme ni ya Somalia au ya Kenya. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iligusa ripoti za aina hiyo kwenye mashauri ya watu waliosema wametoka Somalia, ikataka mchambuzi wa lugha abaki kwenye lugha na asijitie kupima ukweli wa mtu.

Jingine, kumbukumbu. Kuna utafiti uliochapishwa 2002 huku, wakimbizi wa Bosnia na Kosovo walihojiwa mara mbili kuhusu mambo yale yale, na maelezo yakatofautiana ingawa hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya. Yaliyohama zaidi ni ya pembeni, mambo kama rangi ya gari au askari walikuwa wangapi. Kiini kilikaa zaidi. Afisa ustawi akilijua hilo hataandika "mteja anajipinga" kwa sababu jana gari ilikuwa nyeupe leo ya kijivu. Kalamu ya ustawi mara nyingine inasomwa na mwamuzi.

Nahodha Huru

Nimewasoma. Mzee wa Tumbe kanigusa, mjomba wangu alikuwa Shimoni. Lakini nina wasiwasi mmoja bado. Tukianza "mtazamo wake, mtazamo wake", kesho mtu anampiga mke tunaambiwa ni utamaduni wao.

Bint Mkoani

Wasiwasi wa haki kabisa, na rasimu hailigusi. Mimi msimamo wangu ni mkavu. Kuelewa mtu anatazama kutoka wapi hakunilazimishi kukubali. Mke akipigwa nitampeleka Mkono kwa Mkono, kituo cha hospitali cha waliodhalilishwa, awe Mmanyema, Msomali au wa Kwahani. Tena nikueleze, anayesema "ni utamaduni wao" mara nyingi ni afisa mvivu asiyetaka kufungua shauri. Muulize mke mwenyewe kama ni utamaduni wake kupigwa.

Mwanafunzi Tunguu

Samahani wakubwa zangu, nasomea ustawi SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa Zanzibar. Hilo zoezi la kufungua tukio linafanyika vipi khasa? Tumefundishwa nadharia lakini sijawahi kuliona.

Bint Mkoani

Nikupe moja, nalo lilitokea, majina hayamo.

Mwezi wa Ramadhani, saa nne asubuhi, ukumbi wa ofisi umejaa watu. Mama mjamzito, Mkristo, mwomba hifadhi, yupo tangu saa moja na mtoto mgongoni. Akatoa chapati kwenye mfuko akakata, akampa mtoto, akala na yeye. Ukumbi ukanyamaza. Afisa aliyekuwa zamu akamwambia kwa ukali atoke nje. Akatoka, na hakurudi tena.

Kwenye zoezi yule afisa anakaa na wenzake, hakuna wa kumhukumu. Anaulizwa, ulihisi nini? Atasema "alidharau mwezi". Unachimba kidogo. Ulihisi nini wewe, tumboni, usoni? Hapo yanatoka mengine: kwamba na yeye alikuwa na njaa na kichwa kinagonga, kwamba kwenye ukumbi kulikuwa na mzee wa mtaani kwao na aliogopa ataambiwa ofisi yake haina heshima, kwamba alilelewa na bibi aliyefunga mlango wa jiko mchana hata kwa mgonjwa. Hayo yote ni halali yake. Anayaona tu yalivyo.

Ndipo mnageukia kwa mama. Kwake kumlisha mtoto anayelia ni wajibu. Pengine ana dawa za kunywa na chakula. Pengine hajui kwamba hapa migahawa ya mitaani hufungwa mchana, kwa hiyo alibeba chakula kwa akili tu. Na ofisi kwake ni pahali pa serikali, si msikitini. Hapa ndipo kujua mambo ya watu kunaposaidia, sikatai, ila kuje kama maswali. Waethiopia wa Kiorthodoksi, kwa mfano, wana mifungo mirefu ya kuacha nyama na maziwa, na wengi wanaielewa Ramadhani haraka mno ukiwaeleza. Lakini usimfungie kila Muethiopia mfungo huo, wapo Waislamu tele kati yao.

Mwisho, mnakutania wapi? Kikundi kilichofanya zoezi hili kwa mfano huo kilitoka na mambo mepesi. Chumba cha ndani chenye maji na kiti, kwa wajawazito, wagonjwa na watoto. Miadi ya waomba hifadhi iwe asubuhi mapema, wasisubirishwe. Na mtu aelezwe mlangoni, kwa upole, kabla hajafungua mfuko. Hakuna aliyeacha dini yake wala aliyelala njaa.

Zoezi moja kama hilo linachukua asubuhi nzima, kwa hiyo usitegemee kumaliza kumi kwa siku kama slaidi. Na watu wasizidi kumi na wawili hivi, wakizidi hapo hakuna atakayesema la tumboni mwake. Mkubwa wa ofisi asikae ndani, au kama anakaa, tukio la kwanza litoke kwake.

Mwanafunzi Tunguu

Ahsante sana. Nimelinakili.

Tarjumani

Masheha mmewasahau. Wao ndio mlango wa kwanza halafu hawamo kwenye rasimu. Mgeni akifika sheha anauliza kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi au barua ya alikotoka. Mtu aliyekimbia vita barua ataandikiwa na nani?

Bint Mkoani

Kweli kabisa, na hilo nalitia kwenye maoni leo hii. Maoni yanafungwa Ijumaa. Nimeandika mambo manne: sura za mataifa ziondoke zibaki kurasa mbili za maswali ya kuuliza; mahojiano ya mke na mume yatenganishwe, tena mwanamke ahojiwe na mwanamke; mkalimani alipwe; na masheha wakae darasa moja na sisi. La tano ni kwamba siku ya kwanza ifanyike Pemba, si Mjini, na wazungumzaji wawe wazee waliopita Shimoni, wanawake peke yao na wanaume peke yao.

Maalim wa Tumbe, nikipata ruhusa nitakupigia. Tukutane Micheweni, skuli, au wapi kunakufaa?

Mzee wa Tumbe

Si skuli. Njooni dikoni Tumbe alasiri, mnada wa samaki ukishamalizika. Na huyo mwenzio wa mazungumzo ya wanawake awe mtu mzima kidogo, si kabinti. Mke wangu amesema atasema, lakini kwa mwenye umri wake.